Alichoandika Mtoro Kibarazani

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungeuweka wapi uso wako, maneno uliyoandika kwa hasira ya ujana yakisomwa kwa maiki mbele ya jeneza la baba yako?

Hapo ndipo alipokuwa kijana Wabwile. Ijumaa asubuhi, uani kwao Kabuchai. Gari la mochari limeondoka sasa hivi tu. Jeneza la Mzee Nehemiah limelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, limefunikwa kitambaa cheupe chenye maua aliyoyashona mjane mwenyewe. Na Hesbon, mdogo wake marehemu, amesimama chini ya hema, maiki mkono wa kulia, simu ya marehemu mkono wa kushoto.

Alikuwa ametoka kusoma hivi, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani:

"Baba yangu yuko hai, lakini kwangu alikufa siku niliyotoka mtoni kuja kutahiriwa. Nilisimama uani na matope kichwani nikamtafuta kwa macho, hayuko. Siku atakufa kweli, naapa sitatupa hata punje ya udongo. Wengine wamfukie."

Akina mama waliokuwa wakichambua maharagwe waliacha ungo mapajani. Hata aliyekuwa akichochea moto alibaki na ukuni mkononi.

"Haya yameandikwa kwa ile Kibaraza ya wakulima, huko kwa intaneti," Hesbon akasema. "Nimeyakuta kwa simu ya ndugu yangu. Mwenye kuandika anajiita Mtoro. Lakini hapa nani hajui ni kijana gani alitoka mtoni baba yake akakosekana uani? Wabwile! Ni wewe ama si wewe?"

Wabwile alisimama. Alikuwa bado na koti la kazi, lile lenye matundu madogo madogo ya cheche, maana habari ya msiba ilimkuta Kitale akichomea geti la watu.

"Ni mimi, baba mdogo. Lakini nilikuwa..."

"Ulikuwa nini? Umelewa?"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira!" Hesbon akawageukia watu. "Mmesikia? Ati hasira."

Bibi mmoja kwenye viti vya nyuma akaguna. "Huyo alienda Kitale kuchomea watu mageti, akachomelea na njia ya kurudi kwao."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka wako wapi, wakanyamaza.

Wabwile hakusikia kicheko. Kilichomkata miguu ni kitu kingine. Maneno yale yalikutwa kwa simu ya baba. Maana yake baba aliyaona. Aliyasoma, akalala nayo, akaamka nayo, akafa nayo.

"Baba mdogo, nisamehe. Niko tayari kuyakana hapa hapa mbele ya watu."

"Hapa uliapa?" Hesbon akauliza. "Kwetu sisi mtu akiapa mtoni, analitoa neno lake mtoni. Akiapa sokoni, anarudi sokoni. Wewe uliapa kwa Kibaraza. Nenda ukalitoe huko. Kesho kabla jeneza halijashuka nitafungua hii simu. Nikikuta neno lako bado limekaa, udongo wa ndugu yangu hutaushika. Utasimama nje ya ua kama mpita njia."

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Na msomaji, usidhani ni jambo dogo. Mtoto asiyetupa udongo juu ya baba yake, watu wa huko husema bado hajamzika. Hata ajenge nyumba ya mawe, hata aoe, watasema yule, baba yake bado anamngoja.

Wabwile alimtazama mama yake. Dinah alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa kimefungwa leso nyeusi, mkono mmoja ameuweka kwenye mguu wa meza iliyobeba jeneza. Alikuwa anamwangalia mwanawe. Midomo yake ikafunguka, ikafungika.

"Mayi, narudi," Wabwile akamwambia.

Nje ya ua akapiga simu. Kibaraza kile kina msimamizi wake, mama mmoja wa Kitale, Viola Jelagat, mwenye duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Yeye ndiye aliyekianzisha, wakulima waulizane bei ya mahindi na ugonjwa wa kuku. Baadaye watu wakaanza kumwaga humo na ya moyoni, maana unaweza kujiita jina lolote.

"Madam Viola, naomba unifutie neno langu moja tu."

"Mambo ya kufuta siongei kwa simu," sauti ikajibu. "Kuna watu walikuwa wananipigia wakijifanya ni wengine. Njoo nikuone uso."

"Niko matangani, madam. Ni baba yangu."

"Pole sana. Lakini njoo."

Akapanda pikipiki, akashuka, akapanda gari. Kamukuywa ikapita, Kiminini ikapita, yeye hajui amepitaje.

Duka la Viola lilikuwa na harufu kali ya dawa ya kupe, ile inayokaa kwenye nguo mpaka ufue. Magunia ya mbegu yamepangwa mpaka karibu na dari. Nyuma ya kaunta, kati ya chumvi ya ng'ombe na chupa za kunyweshea ndama, kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa. Viola, mama mnene wa kifua, mwenye sweta la kijani na miwani imening'inia shingoni, aliondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka pembeni. Ndipo akamtazama.

"Wewe ndiye Mtoro?"

"Ndimi."

"Nilidhani Mtoro ni mtu mkubwa. Unaandika kama mtu mwenye ndevu." Akavaa miwani. "Sheria unaijua. Iko hapo juu kabisa."

"Naijua. Lililojibiwa halifutwi."

"Sasa mbona umekuja?"

"Madam, nilikuwa mtoto. Mtu hawezi kufungwa maisha na neno alilosema akiwa hajaota hata ndevu zenyewe!"

"Nani amekufunga?"

"Wewe! Hiyo sheria yako!" Sauti ikampanda. "Nikisema neno kwa mdomo, likikuwa baya, watu watasahau. Kwa nini hapa haliwezi kusahaulika? Neno ni langu. Niliandika kwa kidole changu, kwa simu yangu. Mimi nalitaka litoke."

Viola hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuuza dawa, amezoea watu wanaoingia wakipiga kelele kwa sababu ng'ombe anakufa nyumbani.

"Kaa kwa hilo gunia," akasema. "Nikuambie. Kulikuwa na bwana mmoja humu, alikuwa anaandikia watu dawa ya ng'ombe kutoka kichwani kwake. Watu wakanywesha. Ng'ombe wakalala. Wenyewe wakarudi kumuuliza, wakakuta amefuta yote, ati mimi? Lini? Mama mmoja mjane alikuwa amebaki na swali lake peke yake pale, kama mwenda wazimu anayeongea na ukuta. Siku hiyo nikasema basi. Mtu akishakujibu, neno si lako peke yako tena. Ni lenu."

"Na hujawahi kufuta kabisa?"

"Nimefuta. Mzazi wa Lwakhakha aliandika jina la binti yake na ugonjwa wake mbele ya watu wote. Hilo nililifuta bila kuombwa. Mtoto hakuchagua kusemwa." Akamwangalia juu ya miwani. "Na wewe mwambie huyu mama wa dukani ukweli. Unataka lifutwe kwa sababu unaona haya, ama kwa sababu gani?"

Wabwile alitazama matundu ya koti lake.

"Nataka kumzika baba yangu," akasema. "Likikaa, kesho sitashika udongo. Baba mdogo amesema."

Viola aliitazama mikono ya kijana, imejaa makovu ya moto, imeshikana magotini kama ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ngoja," akasema kwa upole. Akavuta kiti. "Sheria niliweka mimi, na mimi ndiye nitaivunja. Nitakufutia."

"Asante, madam! Mungu akubariki."

"Lakini ujue inavyofanya kazi. Lako ndilo la juu. Likitoka la juu, majibu yote yaliyo chini yake yanaanguka nalo. Siwezi kuyaacha yakining'inia."

"Yatoke tu. Ni watu wa kunitukana hao."

Viola akatafuta, akapata. Kidole kikawa tayari. Halafu kikasimama.

"Na huyu Jirani wa Miwa? Umemuaga?"

"Nani?"

"Huyu hapa. Amekujibu hapa mara nyingi sana."

Wabwile akakunja uso akikumbuka. "Aa, yule mzee msumbufu. Siku ya kwanza kabisa aliandika ati, kijana, rudi nyumbani, baba ni baba. Nikamwambia aende akauze mahindi yake. Nikamnyamazisha."

"Ndio maana. Ukimnyamazisha mtu, lake halifiki kwako tena. Lakini yeye hajui kama umemnyamazisha. Anaona amesema, umekaa kimya." Viola akateremsha ukurasa, akateremsha, ukawa hauishi. "Huyu mtu amekuwa akikuandikia miaka yote hii, kijana."

"Mwendawazimu."

Viola alikuwa amevua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena.

"Nikuulize," akasema. "Hapa wewe ni Mtoro. Jina lako lile lenyewe umewahi kuliandika?"

"Hata siku moja."

"Basi Wabwile ni nani?"

Msomaji wangu, kijana aligeuza shingo haraka.

"Umesema nani?"

"Imeandikwa hapa. Wabwile, mwanangu."

Aliinuka pale kwenye gunia, akazunguka kaunta, akaangusha chupa ya kunyweshea ndama wala hakuiokota. Viola akampisha kiti.

Akaanza kusoma.

"Kijana, umenyamaza. Si kitu. Mimi nitaongea tu, wewe ukitaka utasikia."

"Leo mvua imenyesha huku Kabuchai, ile ya mawe. Miwa imelala yote upande mmoja kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Kitale imenyesha? Una koti?"

"Yule ng'ombe mwenye doa kwenye jicho amezaa. Ulikuwa unampenda ukiwa mdogo, ulikuwa unamwita mwalimu. Ndama amefanana na yeye, doa mahali pale pale."

Wabwile aliweka kiganja mdomoni.

"Nilimwita mwalimu," akanong'ona. "Hakuna mtu mwingine anajua hiyo, madam. Hakuna."

Viola alikuwa ameenda mlangoni, akamwambia mteja arudi baadaye, akauegesha mlango.

Likafuata lililo refu.

"Wabwile, mwanangu. Mimi ni baba yako. Mwenye kuandika ni mama yako, mimi nasema tu yeye anabonyeza, maana hizi herufi ndogo macho yangu yamezikataa. Tulikuwa tunatafuta bei ya mahindi humu ndani tukakukuta. Mama yako alilia. Mimi nilitoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe, kumbe hata ng'ombe sikuwaona.

"Umesema siku ile hukuniona uani. Ni kweli sikuwa uani. Kaka yako Kundu tulikuambia alikufa kwa homa, wewe hujazaliwa. Haikuwa homa. Alitoka mtoni na matope kichwani kama wewe, akasimama vizuri, hakupepesa hata jicho, watu wakafurahi. Kidonda kikaoza. Nilimzika na nyimbo zake bado ziko masikioni.

"Ilipofika siku yako niliwasikia mkipanda kutoka mtoni mkiimba. Magoti yakaisha nguvu. Mwanamume hatetemeki uani siku ya mtoto wake, watu wangekucheka wewe. Nikaingia kwa miwa ya jirani, nikakaa chini. Nilikuwa karibu, mwanangu. Nilisikia ngariba akipiga filimbi, nikajua umesimama. Nililia humo ndani ya miwa mpaka akina mama wakamaliza vigelegele.

"Nilimtuma Hesbon akuambie niko wapi. Sijui kama alikuambia."

Wabwile aliruka na kiti kikaanguka nyuma.

"Hakuniambia!"

"Nani?"

"Baba mdogo! Hesbon! Nilimuuliza, madam. Damu bado inatiririka miguuni, nimefunikwa shuka, nikamuuliza, baba yuko wapi? Akaniambia, baba yako ameona aibu kukuangalia. Hivyo tu. Ameona aibu. Nilikaa na hilo neno mpaka kidonda kikapona, na lenyewe halikupona. Ndipo nikatoroka. Na leo ndiye anashika maiki!"

"Kaa chini."

"Niende nimkamate shingo mbele ya watu wote!"

"Na jeneza liko hapo? Kaa chini, mwana wa wenyewe. Hujamaliza kusoma."

Lilikuwa limebaki moja, fupi, la mwisho kabisa.

"Wabwile. Leo kifua kimenibana, mama yako anasema tusiandike mengi. Ulisema hutatupa udongo. Mimi nimelisikia na silibebi. Siku yangu ikifika uje tu. Mkono wako ukikataa, usiulazimishe, simama karibu. Mimi nilisimama kwa miwa na nilikuwa nakupenda."

Hakuna kingine chini yake.

Kijana wa watu alilala kifudifudi juu ya kaunta ile, kati ya makopo ya dawa, akalia kama alivyokatazwa kulia siku ile ya kutoka mtoni. Viola alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Hakumwambia nyamaza.

Aliponyamaza mwenyewe, jua lilikuwa limeshahama kutoka dirishani.

"Nilimwambia akauze mahindi yake," Wabwile akasema.

"Hukujua."

"Nilimfungia mlango, akaendelea kubisha na mimi sisikii."

"Hukujua, kijana." Viola akaokota ile chupa ya ndama. "Sasa niambie nifanye nini. Naweza kuyapiga picha yote nikakupa, halafu nifute kama ulivyotaka. Baba yako mdogo atakuta hakuna kitu, na udongo utaushika."

Wabwile aliwaza. Alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa njia rahisi na udongo wenyewe ni kesho.

"Picha mtu yeyote anaweza kutengeneza," akasema mwishowe. "Watasema nimejiandikia Kitale. Na hata wakiamini, madam... Baba aliyaweka hapa chini ya langu, moja moja. Nimzike kesho, na leo nianze kwa kumfukia maneno? Hapana. Lakini yakikaa, mimi niko nje ya ua. Sijui. Wewe amua."

"Mimi siwezi kuamua. Nilikuwa karibu kufuta kwa sababu nilidhani ni neno lako na la watu wa kupita. Kumbe ni ya watu wawili. La Jirani wa Miwa litafutwa Jirani akikubali."

"Jirani yuko ndani ya sanduku!"

"Yuko aliyekuwa anabonyeza," Viola akasema. "Nenda kwa mama yako. Nipigie kwa ile simu ya kuonana, nimwone uso. Akisema nifute, nitafuta akiniangalia. Akisema niache, nitaacha, na hata huyo mzee wenu aje hapa na rungu."

Akarudi Kabuchai jua likiwa bado juu ya miwa. Kwaya ilikuwa inaimba ikiwa imechoka, chai inagawanywa kwa vikombe vya plastiki. Hesbon alimwona tangu kwenye geti.

"Umelitoa?"

"Bado, baba mdogo."

"Bado! Umeenda Kitale kunywa chai?"

"Nimekuja kwa mayi kwanza."

"Mama yako amefiwa, mwache apumzike! Hii ni shauri ya wanaume."

Wabwile alikunja ngumi. Akaifungua. Akapita mbele ya baba yake mdogo bila kumgusa, akaenda mpaka mkekani, akapiga magoti mbele ya Dinah. Akampigia Viola. Uso wa mama wa Kitale ukatokea kwenye kioo, na nyuma yake magunia ya mbegu.

"Mayi," Wabwile akasema, "nimesoma. Yote. Mpaka pale kifua kilipombana."

Dinah alifumba macho. Machozi yakatoka hivyo hivyo chini ya kope, bila sauti, yakafuata mikunjo ya uso wake mpaka kidevuni.

"Umechelewa kusoma, mwanangu," akasema.

"Nimechelewa, mayi."

"Kila jioni alikuwa ananiuliza, amejibu? Namwambia bado. Ananiambia, basi, andika lingine."

Wabwile aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa miguu ya mama yake. Watu walianza kusogea. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Mbona hukunipigia simu, mayi? Ungeniambia tu. Neno moja."

"Nilikuwa na namba yako. Nilikuwa naitoa naitazama. Baba yako alinikataza. Alisema, nilimkosa uani kwa woga wangu, sitamwita kwa machozi yako. Akija aje kwa miguu yake."

Sauti ya Viola ikatoka kwenye simu. "Mama, pole sana kwa msiba. Mimi ndiye mwenye Kibaraza. Hayo maneno, ya kijana na ya mzee, yako pamoja. Nikitoa moja yanatoka yote. Kijana amekuachia wewe uamue. Niyafute ama niyaache?"

Hesbon alikuwa amefika, amesimama nyuma yao. "Maneno gani ya mzee?" akauliza. "Mimi sikuona maneno ya mzee."

"Hukubonyeza pale pa majibu," Dinah akamjibu bila kugeuka. "Ulisoma la juu ukatosheka."

"Ndugu yangu hajui kuandika kwa simu!"

"Mimi ndiye kidole chake."

Hesbon alimtazama shemeji yake, akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake tangu asubuhi, na nilivyosimuliwa, uso wake ulianza kubadilika rangi kutoka kwenye midomo. Alikuwa amekumbuka kitu. Siku ya matope. Shuka. Kijana anauliza swali.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "afute tu. Mwambie afute yote. Mimi nimeshamsamehe kijana. Kesho atupe udongo, hakuna neno. Yaishe."

Wabwile aliinua kichwa. Yale aliyoyafuata Kitale yalikuwa yamewekwa mbele yake, bure, na mtu yule yule. Angeitikia tu. Udongo ungekuwa wake.

"Mayi," akasema, "usimsikilize yeye. Wala mimi. Wewe miaka yote ulikuwa unaandika alichotaka baba. Wewe mwenyewe ulitaka nini?"

Dinah alishika mguu wa meza, akajiinua. Wanawake wakataka kumzuia, mjane hasimami ovyo, akawatoa mikono kwa upole. Akasimama kando ya jeneza, akakinyoosha kile kitambaa mahali kilipokuwa kimekunjamana.

"Mama wa Kitale, usifute," akasema. "Si la mwanangu, si la marehemu. Yaache yalivyo."

Kisha akamgeukia Hesbon, na sauti aliyoitoa, majirani wanasema hawakuwahi kuisikia kwake tangu aolewe hapo.

"Nilichotaka mimi ni mtoto wangu amsikie baba yake. Basi. Kesho, Hesbon, mbele ya kaburi, nataka ushike tena hiyo maiki. Uanze pale ulipoishia leo. Usome mpaka mwisho, na pale penye jina lako, usiruke."